Mgeni Anauliza Farasi Yuko Wapi

Jumamosi, 4 Oktoba

Ushindi! Nimepata tandiko la farasi. La ngozi, la kikauboi hasa, lenye pembe mbele ya kufungia kamba. Mpinzani wangu Njenga wa Peckham na lile gurudumu la mkokoteni aliloligeuza taa, kwisha kazi!

Jumamosi ijayo kamati ya chama chetu, sisi Wakenya wapenzi wa muziki wa kantri hapa London, inapita nyumba kwa nyumba kukagua sebule. Mwenye sebule ya kiranchi kuliko wote ndiye mwenyekiti mpya. Mimi tayari nina karatasi ya ukutani yenye sura ya mbao, ngozi ya ng'ombe sakafuni, na fuvu la fahali juu ya televisheni. (La plastiki. Ukiwa mbali hujui.)

Tandiko nimelitoa kwa ajuza mmoja wa Kizungu huko Kent, mjane. Hakutaka hata kuligusa. Hakuuliza kama nina farasi. Aliuliza kama nyumbani kuna kiti cha ziada. Ajabu ya watu wa mashambani.

Nimemwambia mke wangu Priscilla kwamba ni la marehemu babu, aliyekuwa kauboi Laikipia. Priscilla akanikumbusha kuwa babu aliuza makaa. Nikamwambia mtu anaweza kuwa na kazi mbili.

Jumapili, 5 Oktoba

Tumerudi kutoka kanisani, sebule inanuka farasi. Jasho bichi. Priscilla kafungua madirisha yote. Harufu haikutoka, baridi iliingia.

Kisha akapanda Varsha, jirani wa chini. Mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake bado hakijachuja. Aliuliza kwa adabu kama tumeanza kuvaa buti ndani ya nyumba, maana zimetembea asubuhi nzima. Nikamwambia tulikuwa kanisani, hayo ni mabomba ya maji. Akasema mabomba hayatembei kutoka dirishani hadi mlangoni, yakasimama, halafu yakageuka.

Huyu ametumwa na Njenga!

Jumanne, 7 Oktoba

Mama alipiga simu ya video kutoka Nyahururu. Salamu, mvua, bei ya unga. Halafu akakunja uso.

"Bonface, huyo mgeni ni nani?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mzee wa kofia pana hapo nyuma yako. Mbona hamjampa chai? Mimi nilikulea hivyo?"

Niligeuka. Kochi. Tandiko juu ya mkono wa kochi. Na mto wa kochi umebonyea katikati, unajaa polepole, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mama akamwamkia. Akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza, kisha akaniambia mgeni anauliza farasi nimemfunga wapi. Sijui walielewana kwa lugha gani. Mama hajui Kiingereza.

Priscilla alikuwa mlangoni, katika sare zake za kazi. Alisikia yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema amechoka kuishi na mwanamume anayeleta nyumbani vitu asivyojua vimetoka kwa nani. Akapakia nguo, akaenda kwa dada yake Placida, Southall. Atarudi tandiko likitoka. Kabla ya kufunga mlango alimuaga mgeni. Mimi hakuniaga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyumba kimya bila Priscilla. Si kimya kabisa. Dirishani, mlangoni. Dirishani, mlangoni.

Lakini akili haijalala! Kulitoa tandiko leo ni kumpa Njenga kiti cha uenyekiti. Nitalitoa Jumapili. Wakati huu ni wa kuzungumza na mgeni kiutu uzima. Nikaweka chai juu ya kochi, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikamsihi kamati ikija atulie. Akitulia, nikasema, farasi wake ataletwa Jumamosi hiyo hiyo.

Uongo mdogo tu. Buti zikasimama. Nikaenda jikoni kutafuta sukari, na niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, kikavu, kama hakijawahi kutiwa chai.

Tumeelewana!

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu. Aibu kubwa.

Kamati ilifika mchana, Njenga mbele na kofia mpya. Wakalisifu fuvu (kwa mbali). Nikasimulia habari za babu hadi machozi yakanilenga. Njenga akacheka, akalipanda tandiko kwa dhihaka, akapiga mluzi.

Halafu akaacha kucheka. Mgongo ukanyooka. Mikono ikashika hatamu zisizokuwepo. Macho yakawa ya mzee anayetazama mbali sana. Akauliza, kwa Kiingereza cha mashambani ambacho si chake, farasi yuko wapi.

Kamati yote ikanigeukia. Nikajichekesha, nikasema yuko njiani.

Njenga akashuka, akanijia taratibu. Akanipapasa shingo. Akanishika taya, akanifungua mdomo, akakagua meno, ya juu na ya chini. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Akaninong'oneza kwamba nimenenepa, lakini nitafaa.

Makofi! Kamati ikasema haijawahi kuona igizo kama lile. Njenga akazinduka, hakumbuki lolote, ila makofi aliyasikia vizuri. Uenyekiti wamempa yeye. Sebuleni kwangu!

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeamka mabega yanauma. Chini ya mbavu nina alama nyekundu, pana, kama ya mkanda uliokazwa sana. Miguu ina tope la mto hadi magotini. Jana sikutoka nje.

Varsha kanishukuru. Anasema hatimaye buti zimenyamaza, kalala vyema. Ila alfajiri alimsikia farasi akikimbia kando ya Thames. Farasi asiye na mazoezi, anasema, alikuwa akihema vibaya.

Nimemwambia ni mabomba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mambo shwari. Tandiko nimempelekea Njenga, zawadi kwa mwenyekiti mpya. Alifurahi mno. Tulipokuwa tukiagana alinipapasa shingo. Nilitembea hadi kituoni bila kugeuka nyuma. Kusema kweli, sikutembea.

Priscilla amerudi. Kapika chapati, kanishika mkono, kaniomba jambo moja tu: nisilete tena kitu cha marehemu humu ndani. Nikaapa. Nililia kidogo, hata, maana nyumba bila yeye si nyumba.

Na nimetimiza kiapo! Leo nimepata gitaa kuukuu la kikauboi, la kutundika ukutani, na si la marehemu. Muuzaji alisema mwenye gitaa hajulikani alipo, basi. Halina hata uzi mmoja, lakini eti jioni lina sauti tamu. Mwakani uchaguzi tena. Njenga ajiandae!

Nimerudi nalo kwa basi. Watu walijaa, wamesimama hadi mlangoni, na kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. Kadi niligusisha mara moja. Nauli imekatwa mara mbili. Mashine hizi! Kesho nawaandikia malalamiko makali.

Nilikuwa peke yangu.