Shilingi Yenye Sura ya Mfalme

Kwa furaha na unyenyekevu, umma unajulishwa kwamba barua ya serikali haifi. Ikishatiwa saini, inalala tu. Huo ndio ulikuwa msingi wa Kitengo cha Ufufuaji wa Mapato Yaliyolala, ambamo mimi, Clever, mwenye shahada ya utawala, niliajiriwa kuwa ofisa wa kwanza na, kama itakavyoonekana, wa mwisho.

Barua yetu ilipatikana Mukendo, mjini Musoma, ikiwa imekunjwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Iliandikwa mwaka 1934 na bwana forodha mmoja wa kikoloni. Iliagiza kwamba kila shehena ya samaki wakavu itokayo Kibara kwenda Bunda ilipiwe ushuru wa shilingi moja. Saini yake ilikuwa na mikia mitatu.

Bosi wangu, Bwana Machibya, aliipokea kwa mikono miwili.

"Clever, unaona popote ilipofutwa?"

"Sioni, mkuu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inafanya kazi, mkuu."

"Una kichwa, kijana. Kabati liwekee tofali."

Niliandika mwenyewe waraka wa kuanzisha kitengo, na sentensi moja ninajivunia hadi leo: "Kitengo hiki, watumishi wake na mali zake, kitakuwapo maadamu barua ya 1934 ipo." Bwana Machibya alitia saini bila kusoma, kwa sababu aliniamini. Tukapata gari jeupe, muhuri, na kiti kinachozunguka. Usiku sikulala kwa matumaini. Niliona zahanati zikijengwa kwa dagaa.

Tukalaza gogo la mkaratusi katikati ya barabara ya Kibara, mahali ambapo kuna mtaro kila upande ili mtu asishawishike kukwepa. Gogo alikabidhiwa Prosper, mgambo mwenye moyo wa kazi. Bwana Machibya alimpa semina ya sentensi moja: "Barua haina shemeji." Kisha akaondoka kwenda Kibara kukagua ziwa.

Wa kwanza kufika asubuhi ile alikuwa Hyasinta, mama wa Kibara anayeuza dagaa gulioni Bunda. Alikuwa amekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kukijaza magunia hadi springi zikalala. Juu yake alitandika turubai lenye tundu la kupitisha mbuzi.

"Mwanangu," aliniambia, akinipa noti ya elfu moja, "shika buku, tuachane salama. Mvua hiyo inakuja."

Niliipokea noti, nikaigeuza, nikamrudishia kwa upole.

"Mama, barua inasema shilingi iwe ya fedha, yenye sura ya Mfalme."

"Mfalme gani?"

"Wa Uingereza. Wa wakati ule."

Hyasinta aliitazama noti yake. "Na huyu hapa? Huyu si Baba wa Taifa, mtu wa Butiama? Jirani yetu kabisa!"

"Anaheshimika sana, mama. Lakini barua haimtaji."

"Mimi napitaga hapa tangu sijaolewa! Sijawahi kuombwa mfalme!" Alisoma beji yangu, akashusha sauti. "Clever, sikia. Hizo gunia ndiyo mtaji wangu wote. Dagaa nimeanika mwenyewe, nimefukuza kunguru mwenyewe. Zikilowa, nani atanunua? Nitauzia watu wa chakula cha kuku."

Iliniuma. Nilimwahidi kwamba malalamiko yake yatapewa uzito, nikamwomba avute subira mpaka mfalme apatikane. Prosper alimletea jiwe la kukalia.

Hadi mchana foleni ya virikuu ilikuwa imefika konani. Nilituma taarifa ofisini: "Mwitikio ni mkubwa. Wananchi wote waliofika wamesimama." Kuhusu makusanyo niliandika kwamba yako njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Ndipo gari jeupe likatokea Kibara na kusimama nyuma ya foleni. Bwana Machibya akashuka, suti nyeusi, tai nyekundu. Alikuwa anawahi Butiama, ambako mgeni kutoka makao makuu alikuwa amemwandalia cheti cha ubunifu wa mapato.

"Nipisheni," alisema alipofika kwenye gogo.

Prosper alipiga saluti. "Mkuu, umebeba nini?"

"Sato kidogo. Zawadi ya mgeni."

"Wabichi au wakavu?"

"Wakavu."

"Basi shilingi moja, mkuu. Ya mfalme."

"Prosper! Hunijui?"

"Nakujua, mkuu. Wewe ndiye ulisema barua haina shemeji."

"Wamwage hao samaki!"

"Hata tukimwaga, mkuu, mbele ya gari lako kuna hao." Prosper alionyesha virikuu. Kulia mtaro, kushoto mtaro. Mbinguni pakanguruma.

Hyasinta alisimama kwenye jiwe lake. "Karibu foleni, baba! Huku mbele tumeshazoeana!"

Watu wakacheka. Bwana Machibya alitazama saa, akatazama wingu.

"Clever, futa hiyo barua."

"Haifutwi kwa mdomo, mkuu. Ulinifundisha mwenyewe."

Alinyakua karatasi, akaiweka juu ya gogo, akaandika: "Barua ya 1934 imefutwa leo." Akatia saini. Ilikuwa na mikia minne. Nikagonga muhuri, tone la kwanza la mvua likaanguka juu yake, na Prosper akaburuta gogo pembeni.

Bwana Machibya alikimbilia gari. Nilikuwa nimeshatangulia kuchomoa funguo, kwa heshima zote.

"Mkuu, sentensi ile. Kitengo, watumishi na mali zake, maadamu barua ipo."

"Na sasa?"

"Haipo, mkuu. Gari hili linarudi serikalini. Hata mimi na wewe pia, kwa namna yetu."

Bwana Machibya aliingiza tai ndani ya koti isije ikalowa. Kisha akakimbia hadi mbele ya foleni, kirikuu cha Hyasinta kikiwa ndio kinanguruma kuondoka.

"Mama, nifikishe Bunda tu. Nitadandia gari la Kiabakari."

"Nauli shilingi moja."

Akatoa noti ya elfu kumi. Hyasinta aliigeuza, akamrudishia kwa upole.

"Huyu ni tembo, baba. Anaheshimika sana. Lakini mimi nataka mfalme."

"Sina!"

"Basi panda, ulale pale kwenye tundu la turubai. Chali au kifudifudi, chagua. Clever, mwanangu, wewe njoo mbele, kuna nafasi."

Alichagua kifudifudi, kwa sababu ya tai. Mvua ilitupiga njia nzima. Gulioni Bunda, Hyasinta aliingiza mkono katika kila gunia, na kila mara ulitoka mkavu.

Cheti sikuwahi kukiona. Barua nimeirudisha chini ya kabati, maana tofali lilikuwa refu mno. Lakini katika taarifa ya mwisho ya kitengo, ambayo hakuna aliyeiomba, niliandika kwamba uongozi wetu ulimkinga mwananchi mmoja na mvua kutoka gogoni hadi Bunda. Naona ni mafanikio.