Mikono Inayonyooshwa Mzenga

Mzenga, Kisarawe
9 Novemba 1953

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo Kikuu, ng'ambo ya ziwa.

Bwana Mkuu mheshimiwa,

Natumaini u mzima pamoja na walimu wako wote. Mimi si mzima. Ni Kibwana Pazi, jumbe wa hapa kwa mwaka wa kumi na tisa, na ninayemlalamikia ni mpwa wangu Hemedi, mliyemkalisha huko miaka mitatu kisha mkaturudishia bila hata onyo.

Nilidhani mtamfundisha dawa. Amerudi na neno moja tu: hoja. Sasa hapa ukisema jambo, lazima mtu wa pili aliunge mkono, kisha watu wanyooshe mikono ihesabiwe. Adabu anayo, sikatai. Hunipa shikamoo kwanza, ndipo anipinge.

Madhara yake ni haya:

1. Mwezi Juni niliamuru watu wakafyeke barabara ya Bwana Shauri, mzungu wetu wa wilaya. Wakauliza nani ananiunga mkono. Nikamtazama karani wangu Mwinyimadi. Akainama kufunga kamba za viatu. Bwana Mkuu, Mwinyimadi hana viatu.

2. Tulipomzika mzee Saburi, mtani wetu Mnyamwezi alilala kaburini, kama desturi ya utani ilivyo. Badala ya kudai kuku, akasema hoja ya kuzika haijaungwa mkono. Wafiwa wakanyoosha mikono juani, maiti anangoja. Nami nilinyoosha, ningefanyaje?

3. Hili limenitoa machozi. Nilikubali posa ya mwenye minazi mmoja wa Zegereni, mtu mzima mwenzangu, kwa binti yangu Mwanamvua, anayesoma shule ya wasichana huko bara na sasa yuko nyumbani likizo. Mke wangu Swaumu, aliyeniitikia "ewaa" miaka ishirini, akaifanya hoja. Waliopinga saba, pamoja na mama yangu mzazi, asiyeweza kuinua mkono tangu masika. Mwanamvua ndiye aliyemwinulia. Walioniunga mkono, hakuna. Nimetoa neno langu kwa watu, Bwana Mkuu! Njia ya Zegereni sasa siipiti, naona haya.

4. Hemedi anasema siku moja Tanganyika nzima itanyoosha mikono, na Gavana naye atahesabiwa kama nilivyohesabiwa mimi. Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kila anayehitimu azuiliwe zizini pale Kibaha siku arobaini, kama ng'ombe wa bara wanaokaguliwa maradhi, mpaka neno hilo limtoke. Ikiwa dawa hakuna, kifungeni chuo. Wasomi tulio nao wanatutosha, yuko mmoja.

Nisalimie walimu, wapishi, mpiga kengele na wanafunzi, hasa wale wasionyoosha mikono.

Mimi, ambaye bado ni jumbe,
Kibwana Pazi

Nyongeza: Mwinyimadi alikataa kuipeleka barua hii posta kabla haijapigiwa kura barazani. Walioiunga mkono: mmoja, mimi. Waliopinga: sitini na wawili. Basi hesabu kwamba hukuipata. Ila karatasi ninayo hii moja tu, ndiyo maana ombi jipya naliandika hapa chini.

Mwanamvua alisimama, akanipa shikamoo, akatoa hoja kwamba akimaliza shule aletwe kwenu. Tafadhali nieleze wasichana mnawapokea mwezi gani. Baraza zima lilinitazama mimi, likingoja mkono wa baba. Uliinuka, Bwana Mkuu. Uliinuka kabla sijauamuru.