Mgonjwa Aliyeishinda Aspirini

Jumatatu, 3 Machi
Aibu ya jana bado inaniwasha. Kwa mama mkwe, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kawasimulia tena watu habari za moyo wake. Ana vijibomba viwili vya kuzibua mishipa. Mimi ninacho kimoja. Mwenye viwili akapewa kiti cha mto. Mwenye kimoja akaambiwa akasaidie kupanga viti!

Leo kliniki, mwanga. Daktari katueleza benchi zima, shemeji akiwemo, kwamba aspirini huzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu, zisishikamane na kuziba mshipa. Lakini kuna watu wachache dawa haiwawezi. Chembe zao hushikamana tu, kama hazijaambiwa kitu. Anawatafuta watu hao. Jumatano ya wiki ijayo atatupima wote.

Watu wachache! Shemeji na vijibomba vyake atakaa wapi? Kuanzia leo aspirini yangu simezi.

Jumatano, 5 Machi
Mke hunisimamia kila asubuhi na glasi ya maji, macho kama ya polisi wa barabarani. Nakificha kidonge shavuni, nakunywa maji, nashuka karakana. Mimi ni fundi makochi. Pa kuficha sikosi. Nakisukumiza ndani ya sponji la kochi la mteja, basi.

Leo kaniuliza maswali kidonge kikiwa bado shavuni. Nikajibu kwa kutikisa kichwa. Kasema siku hizi nimekuwa msikivu.

Uchungu wake jamani! Nimelamba sukari. Nayo nimekatazwa.

Jumatano, 12 Machi
Tumetolewa damu. Shemeji kajisifu eti mshipa wake ulionekana mara moja, muuguzi hakuhangaika. Hata mshipa wa mkono anashindania, mtu huyu!

Alhamisi, 13 Machi
USHINDI! Daktari kapiga simu mwenyewe. Chembe zangu zinashikamana kana kwamba sijawahi kuonja aspirini. (Mashine ina akili.) Kesho naonyeshwa kwa wanafunzi wa udaktari. Za shemeji zimetulia tuli. Mtu wa kawaida kabisa. Nikampigia kumpa pole.

Nikapanda ngazi mbio kumpasha mke habari. Katikati kifua kikabana. Kama mtu kanikalia. Nikaketi palepale, jasho linanitiririka, simu bado mkononi. Sikumkumbuka shemeji hata kidogo.

Mke akanikuta. Nikamwambia ni furaha.

“Furaha gani hiyo inatoa jasho la baridi, baba watoto?”

Akanishika mkono mpaka maumivu yakapita. Alitaka twende hospitali papo hapo. Nikasema kesho si tunakwenda.

Ijumaa, 14 Machi
Sijui nianzie wapi.

Nilivaa koti la harusi. Wanafunzi walinizunguka wakiwa na kalamu tayari. Daktari kanipa aspirini, kaniamuru niitafune mbele yao, kisha kanifunua mdomo kama mbuzi anayeuzwa. Tukasubiri. Wakanitoa damu tena.

Chembe zimetulia! Wasaliti wakubwa!

Daktari akakuna kichwa. Hapa dawa inafanya kazi, nyumbani haifanyi. Kwa nini? Mke wangu akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungua mezani. Vidonge. Vyote. Vimeshikana na chembechembe za sponji. Kumbe asubuhi alishuka karakana kunitengenezea pa kujilaza, akaukung'uta mto wa lile kochi.

“Kochi ndilo lililokuwa linameza, daktari,” akasema.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama kochi lina historia ya ugonjwa wa moyo. Wakaangua kicheko. Hata mimi nilikaribia kucheka.

Daktari hakucheka. Nilipomweleza ya ngazi, akanipima moyo upya, akarudia tena. Akasema nimeponea chupuchupu. “Mzee wangu, kijibomba kile kingeziba, leo ningekuwa nazungumza na mkeo peke yake.”

Njiani mke alitangulia. Tulipofika mlangoni akageuka.

“Ulitaka uniache na nani?”

Nikavua koti la harusi, nikamletea glasi ya maji.

Jumapili, 16 Machi
Nimetubu. Kidonge nakimeza mbele ya mke, nafunua mdomo, nainua ulimi, nageuka huku na huku akague. Mipango basi! Mtu mzima mimi.

Shemeji kaja kunijulia hali. Kacheka mpaka kajishika mbavu, nami nikavumilia kama mtu aliyetubu. Wakati wa kuondoka, akataja jambo. Eti kliniki kuna wagonjwa ambao presha hupanda wakimwona daktari tu. Nyumbani iko sawa. Hufungwa mashine ya kupima presha mkononi, wakatembea nayo kutwa, kila mtu akiiona.

Mashine! Mkononi! Kila mtu akiiona!

Tangu mchana nipo mbele ya kioo, najizoeza kumwogopa daktari.