Jina la Mfalme kwa Mjukuu Wangu

Jumatatu, 9 Septemba

Zimebaki siku sita. Mjukuu wangu ana miezi minane na bado anaitwa Bebi tu, maana hapa Florina jina hufichwa mpaka baba wa ubatizo alitamke mbele ya padri. Mimi, Argiris, mwalimu wa historia kwa miaka thelathini na minne, sijaambiwa. Trajko, mkwe mwenzangu, mwoka mikate mstaafu wa Bitola, ng'ambo ya mpaka, ameambiwa!

Alikuja leo kunisaidia kuchoma pilipili hoho za kuweka kwa majira ya baridi. Kusaidia, eti. Alikaa kwenye kiti changu akaniambia hoho zangu zina maji mengi. Kisha tukaingia kwa Aleksanda Mkuu, kama kawaida yetu. Mimi nasema Alexandros, kwa Kigiriki chetu. Yeye anasema Aleksandar. Nikamwambia anamnyang'anya mtu jina lake. Akacheka, akasema Waturuki walimwita Iskender, Waajemi Sikandar, Waarabu Iskandar, na marehemu hajamlalamikia yeyote. Halafu, huku akimenya ganda lililoungua, akasema kuhusu Bebi: "Jina nililitaja mimi, mkwe, na watoto wamelikubali. Utafurahi mwenyewe."

Utafurahi! Ni Aleksandar, sina shaka. Mjukuu wangu wa damu ataitwa kwa matamshi ya Bitola.

Jumanne, 10 Septemba

Humu daftarini hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme. Nilitaka apewe jina langu. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Lakini nimetangaza miaka yote kwamba desturi hiyo imepitwa na wakati, na mwanangu mwenyewe nilimwita Filipos, jina la mfalme, badala ya Lazaros, jina la baba yangu. Nitaidai leo kwa uso gani?

Halafu kuna ile hotuba yangu kwenye harusi ya Filipos. Dakika arobaini nikiwasahihishia wageni wa Bitola majina ya wafalme wa kale, na Violeta, bibi harusi, binti yake Trajko, amesimama na kisu cha keki mkononi. Filipos hajanisamehe. Basi langu halimo, nalijua. Heri jina la mfalme, tena lile ambalo Trajko hawezi kuligeuza.

Nikampigia simu kwa kisingizio cha kuuliza kiasi cha chumvi. Nikamtupia Perdikas. Kwao ni Perdika. Kasandros? Kasandar. Ana lake kwa kila mmoja, na anayatoa yakiwa ya moto. Kwa Arideos alikwama kidogo. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba waandishi wa kale walisema huyo akili yake haikutimia.

Nimeangukia Amintas. Kwao Aminta, sawa, siwezi kupata yote. Lakini Amintas alikuwa babu yake Alexandros. Babu! Angalau historia inatuheshimu.

Alhamisi, 12 Septemba

Baba wa ubatizo ni Kosmas, fundi bomba, rafiki wa Filipos tangu utotoni. Nilimfundisha. Mtihani wa mwisho wa historia alipata nne kati ya ishirini.

Nilimkuta kwenye nyumba ya jirani, miguu tu inaonekana chini ya sinki. Nikaiambia ile miguu kwamba wazazi wamebadili jina, sasa ni Amintas, na asiwaulize kitu, maana Violeta anaogopa jina likitajwatajwa mapema mtoto atapigwa jicho la husuda. Kosmas akatoka chini ya sinki, akanitazama, akauliza kama mimi mwenyewe nimeridhia. Nikasema nimeridhia kwa moyo wote. Akanishika bega kwa mkono wenye grisi.

"Mwalimu," akasema, "sikujua una moyo mkubwa hivyo."

Sikumwelewa. Nikadhani ameguswa kwa kuwa nimemwamini na jambo zito licha ya ile nne yake. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 15 Septemba

Ubatizo.

Padri akauliza jina. Kosmas akavuta pumzi akasema Amintas. Kanisa lote likageuka. Padri akamzamisha mtoto mara tatu, na jina likatamkwa juu ya maji. Nilimtafuta Trajko ili nione uso uliosawijika, na niliuona. Lakini wa Filipos ulikuwa mbaya zaidi. Na Violeta alikuwa amesimama mbele yangu na simu yake, ananirekodi mimi, si mtoto. Sikujua kwa nini. Mkono wake ukashuka polepole.

Nikatoka kupata hewa. Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza vikapu vya lozi za sukari za kuwagawia wageni, vifurushi mia na hamsini, kila kimoja kwenye kitambaa cheupe na utepe wa buluu. Kwenye utepe jina la mtoto lilikuwa limeshachapwa. Argiris. Nikasoma kifurushi cha kwanza. Nikasoma cha pili. Nikaendelea kusoma, kana kwamba cha chini kabisa kingesema jingine.

Trajko akaja akasimama kando yangu. Hakunicheka. Heri angenicheka.

"Mimi ndiye niliyewaambia," akasema. "Filipos alidhani huitaki desturi hiyo, utamdharau. Nikamwambia, wewe mpe tu, mzee atalia. Kwetu ndivyo, kwenu ndivyo, babu mzaa baba kwanza. Wiki nzima Violeta ananifundisha kulitamka jina lako mnavyolitamka nyinyi, mkwe, nisije nikakuudhi mbele za watu."

Akalitamka. Hapakuwa na cha kusahihisha.

Filipos alimuuliza Kosmas, na Kosmas akanitazama mimi. Sikukana. Mwanangu hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama ilikuwa kazi kubwa sana kumuuliza yeye. Kisha akamchukua mtoto wakaenda kwenye gari.

Jumatatu, 16 Septemba

Vilibaki vifurushi mia moja na arobaini. Wageni waliona haya kuvichukua. Nimekula kumi na viwili, tumbo linaniuma, na nastahili.

Najuta. Sijui kuliandika kwa namna nyingine. Nilienda kwa padri nikamuuliza kama jina linaweza kurudishwa. Akasema lililotamkwa juu ya maji limetamkwa, na akanifungia mlango kwa upole. Njiani nikamkumbuka baba yangu. Siku ya ubatizo wa Filipos aliondoka kabla ya chakula, akarudi kijijini kwa miguu, kilomita kumi na moja. Nilisema tumbo linamsumbua. Nililisema hilo kwa miaka mingi na watu wakaniitikia.

Jumatano, 18 Septemba

Filipos amekuja! Peke yake, lakini amekuja. Alikunywa kahawa yote. Amesema hasira zimeanza kushuka, mtoto ni mzima, na jina litabaki Amintas. Trajko anamwita Aminta na mtoto anacheka. Jumapili wataniletea nimshike. Ana ombi moja tu, nisiliguse tena jambo hili. Ijumaa yeye na Violeta wanakwenda kuliandikisha jina kwenye ofisi ya vizazi, wao wawili, basi. Nikampa mkono. Nikaahidi kwa jina la mama yake. Nililia, na yeye akalia.

Alipoondoka nikakaa nikafikiri. Padri hawezi kulirudisha, lakini kule ofisini hawaandiki juu ya maji. Kuna fomu moja tu, na karani anayeipokea nilimfundisha mimi. Nikienda kesho saa mbili asubuhi nikaandika Argiris, Ijumaa watoto watakuta kazi imekwisha. Si ndilo walilolitaka wenyewe? Filipos atapona moyo. Violeta atanirekodi tena.

Fomu inataka sahihi ya baba wa mtoto. Ya Filipos si ngumu kuiiga. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika.