Mapeasi ya Bibi na Kabati la Mjomba Taki

Agincourt, Toronto
15 Februari 2025

Mheshimiwa Mjomba Taki,
Wakala wa Maombi ya Viza,

Salaam alaikum. Leo ni Jumamosi, theluji imefika kwenye kitasa cha geti, nami nimeahidi kukueleza kila kitu bila kuficha, hata yale ambayo Mama angependa yabaki nyumbani. Mimi ni Batool, binti wa Hyderali. Kila Alhamisi msikitini Baba hukuuliza faili la mama yake, Bibi Farhat wa Tanga, limefikia wapi, nawe humjibu, "Wiki ijayo, inshallah. Hyderali, we tulia tu."

Tumetulia tangu Juni. Malalamiko yangu yanahusu mapeasi.

Kwetu, tunda jipya la msimu haliliwi mpaka mkubwa wa nyumba alionje kwanza. Oktoba tulichuma mapeasi thelathini na sita, magumu kama mawe, kwa kuwa ulituambia Bibi atafika Novemba. Hajafika. Kwa hiyo hakuna aliyeonja, na kazi ya kuyahifadhi nimepewa mimi kwa sababu nina alama nzuri za sayansi. Shida zetu ni hizi:

1. Peasi likishachumwa huendelea kupumua, na likikaa karibu na tufaha au ndizi huiva upesi. Matufaha tumeyafukuza kwenye friji. Ndizi zimepigwa marufuku nyumba nzima. Kaka yangu Kazim, ambaye hawezi kucheza mpira bila ndizi, sasa huzila barabarani akiwa amevaa glavu.

2. Mapeasi yanataka baridi ya nyuzi sifuri, unyevu, na mlango usiofunguliwa ovyo. Mama huniomba ruhusa kabla ya kutoa maziwa. Juzi alisema, "Batool, mimi ndiye niliyekuzaa." Nilimruhusu sekunde kumi.

3. Kila Jumapili nayakagua moja moja, maana moja likioza huambukiza wenzake. Yamebaki kumi na tisa. Yanayolainika hatuwezi kuyala, kwa sababu Bibi hajaonja, kwa hiyo nayatia kwenye ndoo ya maganda huku Baba akigeuza uso.

4. Hapa ndipo ninapokuja kwako kwa heshima. Mwezi uliopita nilipofuatana na Baba ofisini kwako, ulifungua kabati la chuma ukatoa faili la Bibi. Nilishangaa. Miezi saba, na halina kunjo, halina doa, halina hata alama ya kidole! Picha yake bado inang'aa, na fomu ziko vilevile tulivyozileta. Mimi kwa sayansi yangu yote nimepoteza mapeasi kumi na saba. Wewe hujapoteza hata ukurasa mmoja.

5. Kwa hiyo naomba tubadilishane. Mapeasi yahamie kwenye kabati lako, ambamo hakuna kinachozeeka, na faili lihamie kwetu. Sisi hatuna ujuzi wako wa kuhifadhi, kwa hiyo itabidi tulipeleke wenyewe kunakohusika, Jumatatu asubuhi, kabla halijaharibika.

Nisalimie Mama Naheed na watoto wote, na kila aliye kwenye foleni ya ofisi yako. Waambie nao watulie.

Mwenye kukuheshimu na kukungoja,
Batool Hyderali,
Darasa la Saba

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuandika anwani kwenye bahasha Bibi alipopiga simu. Nilimsomea barua yote, akacheka mpaka akakohoa. Anasema amebakiwa na meno manne na hayo manne hayaelewani. Hilo peasi gumu atalifanyia nini? Anataka lililolainika, la kula kwa kijiko. Basi naomba uyafute malalamiko yangu namba moja hadi namba tatu, nami nimeshamwomba Mama radhi. Ila peasi likitolewa kwenye baridi huchukua siku tano kulainika, na baada ya hapo halimsubiri mtu. Tafadhali nijibu mara tu upatapo barua hii: niyatoe mapeasi siku gani?