Maswali Kumi na Mawili ya Sadock

Bahati ya Sadock ilianzia Nyangoto, siku aliposimama mbele ya nyumba ya watu akaandika namba ya fundi simu kwenye kipande cha karatasi. Mwenye mji alitoka mbio.

"Umeandika nini hapo?"

"Namba."

"Ya nyumba yangu?"

Sadock alitazama ile nyumba, akatazama kalamu. "Bado natafakari," alisema kwa upole.

Akaondoka na jogoo aliyepewa ili atafakari vizuri.

Vijiji vinavyopakana na mgodi viko hivyo. Mgeni akishika kalamu, watu wananusa fidia. Kila kilima kina nyumba za tegesha, kuta nne na bati jipya, hakuna anayelala humo, zinasubiri tu mgodi uje uzihitaji. Sadock aliona huruma, na huruma yake, kama ilivyo kwa watu wengi wenye njaa, ilimpeleka kwenye duka la fotokopi mjini Tarime.

Kesho yake alirudi na kizibao cha rangi ya chungwa, kadi ya chanjo ya mbwa wa mjomba wake ikining'inia shingoni, na dodoso la maswali kumi na mawili. Je, unaonaje maisha? Kaya ina watu wangapi? Ukihama, ungependa kuhamia wapi?

Neno fidia hakuwahi kulitamka. Aliuliza tu.

"Sasa mnalipa lini?" waliuliza wazee.

"Mimi nakusanya maoni tu, mzee wangu."

Kadiri alivyokana ndivyo walivyoamini. Mtu wa vyumba viwili aliomba aandikwe sita, na mbuzi akafungwa kamba kimya kimya. Sadock alimpokea kwa masikitiko makubwa.

Tusimwone mwizi wa kawaida. Alimtaka Lilian, binti wa Mzee Simon, na Mzee Simon alishasema: mwezi usiishe kabla hajaona ng'ombe, hata mmoja wa kuanzia, la sivyo mlango uko wazi kwa wengine. Kwa hiyo Sadock aliuliza kwa bidii. Jogoo wakageuka mbuzi, mbuzi wengine wakageuka ng'ombe, mtamba mwekundu. Wiki moja kabla ya mwezi kuisha alikuwa na mtamba na mbuzi wanne kwenye zizi la rafiki. Angeishia hapo, angekuwa na mke. Lakini kijiji cha Matongo alikuwa bado hajakiuliza.

Huko alimkuta Mama Agustina, mjane, akipukuchua mahindi kando ya nyumba yake ya tegesha.

"Shikamoo mama. Kaya ina watu wangapi?"

"Marahaba mura, kijana wangu. Nyie kwenu mko wangapi?"

"Sita. Sasa, mama..."

"Umeoa?"

"Bado."

"Kijana mzuri hivi! Kwa nini?"

Karibu mwezi mzima Sadock alikuwa ameuliza wenzake. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye habari zake. Akaketi, akamweleza mama yule yote: Lilian, mzee, mtamba, mbuzi, hata zizi liko wapi.

Mama Agustina alitikisa kichwa kwa uchungu. "Mtamba mmoja? Simon atakucheka, mwanangu. Ungekuwa na nyumba inayosubiri fidia, hapo ungekuwa mkwe. Mimi hii yangu nimechoka kuingoja. Ningempata mtu wa kubadilishana naye kwa mifugo..."

Sadock nusura acheke. Kisha akakumbuka karatasi zake. Watu arobaini na watatu walikuwa wamemwambia mgodi unakuja upande huu. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Watu arobaini na watatu wakosee wote?

Jioni ile alitia saini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mifugo yote kwa nyumba.

Jumamosi alifika kwa Mzee Simon, hati ya nyumba mfukoni. Wazee walikuwa wameketi, wanakunywa. Zizini walisimama mtamba mwekundu na mbuzi watatu, na karibu na zizi alisimama Mseti, kijana wa Mama Agustina, kavaa shati jipya. Mama mwenyewe alimpungia Sadock mkono kwa furaha ya kweli kabisa.

Lilian alitoka jikoni na beseni la kunawia.

"Kwani unamtaka huyu Mseti?" Sadock alinong'ona.

"Tangu mwaka juzi. Alikosa ng'ombe tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Sadock, mwezi huu umeuliza maoni ya watu wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Mimi nilikuwa wa ngapi?"

Sadock alitoa karatasi zake, akaanza kulitafuta jina la Lilian.

"Mpeni kiti huyo kijana wa maswali," aliita Mzee Simon. "Ale. Mbuzi wa nne tumeshamchinja."

Walimpa paja. Alikula polepole, akamaliza, akalamba vidole. Mbuzi alikuwa mtamu sana, kwa maoni yake.