Sebule ya Dada Seipati Lazima Ipate Joto

Jumatatu, 1 Julai

Siku kubwa! Imethibitishwa: wazee wa yule kijana wa Mahalapye wanakuja Jumamosi kumposa mpwa wangu Tshenolo. Watafika kabla ya jua, kama desturi inavyotaka. Na nani atakuwa msemaji wa upande wetu? Mimi, Oteng! Mjomba mkubwa wa bibi harusi! Nimeisubiri siku hii tangu Tshenolo anatambaa. Hotuba nimeshaanza kuikariri mbele ya kioo, kuanzia babu wa babu.

Tatizo ni moja tu. Baridi. Nyumba ya dada yangu Seipati ilijengwa na marehemu shemeji, na shemeji alikuwa na adui mmoja duniani, joto. Dari ya juu sana, madirisha mapana, sakafu ya saruji tupu. Karibu mwaka mzima majirani wanatuonea wivu. Lakini alfajiri ya Julai hapa Serowe, ukikaa sebuleni meno yanagongana. Mposaji akitetemeka, hotuba yangu ataisikiaje?

Nikamwambia dada kwamba nyumba hii inahitaji mtambo wa joto. Akasema inahitaji moto uani na birika la chai, kama siku zote. Moto uani! Kwani tunachunga ng'ombe? Nikaapa kuchagua mtambo bora mimi mwenyewe. Akanitazama weee, kisha akasema haya, fanya, lakini wageni wakiteseka kabla hawajaniposea mwanangu, Letsholo ndiye atakayekuwa msemaji.

Letsholo ni mdogo wetu wa mwisho. Anaishi Gaborone. Anavaa viatu vyenye ncha. Haiwezekani!

Baba mdogo Ntsima, mzee wetu pekee aliyebaki, alikuwa kwenye gogo lake uani. Nikamweleza mpango wote. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo kila kitu anakijibu "Sawa." Nami akanijibu, "Sawa." Nimeichukua kama baraka.

Jumanne, 2 Julai

Nimeamka na furaha ya ajabu. Mbio mpaka dukani. Feni zimepangwa hadi darini. Nikaomba hita. Muuzaji akamwita mwenzake aje anione.

"Rra, mzee wangu, sisi hapa tunauza upepo," akasema. "Joto linapatikana nje, bure."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwishowe akavuta hita moja ya umeme kutoka chini ya kaunta, ina vumbi la miaka. Nikaibeba kifua mbele.

Nyumbani nikaichomeka. Nyaya zikaiva nyekundu, zinapendeza! Sikukumbuka kwamba dada alikuwa jikoni anakaanga magwinya, maandazi yetu, kwenye jiko la umeme. Pwaa! Swichi kuu ikajizima. Magwinya yakazama kwenye mafuta yakatoka mawe. Dada alisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Na wakati huohuo, kana kwamba ameitwa, gari la Letsholo likaingia. Akashusha hita ya gesi. Nyeupe! Ina magurudumu! Tshenolo akapiga makofi. Letsholo akakiangalia chombo changu, akauliza, "Kaka, hicho kichana umekiokota wapi?"

Sikucheka.

Jumatano, 3 Julai

Mpango wa siri umefaulu! Nilifikiri hivi: hita ya gesi bila gesi ni kabati tu. Na Letsholo alikuja na mtungi mtupu, akitegemea kubadilisha hapa. Mwezi huu mitungi inagombaniwa. Basi nikawahi kituo cha gesi kabla hakijafunguliwa, nikachukua mtungi wa mwisho, nikauzika chini ya majani makavu kwenye zizi la mbuzi. Letsholo karudi mikono mitupu. Nikampa pole. Nilimpa pole nzuri sana, na mkono begani.

Mchana nikaleta jiko la mafuta ya taa la jirani. Joto lilitoka, sikatai. Ila dada alikuwa ametundika sebuleni mablanketi ya heshima, yale ambayo wanawake hujifunika siku ya posa. Yote yakanuka mafuta ya taa. Dada akauliza kama nataka apokee wakwe akinuka kibatari. Yamefuliwa upya, kwa maji baridi, na aliyeyafua ni mimi. Vidole bado vina ganzi.

Haidhuru. Hayo yalikuwa majaribio. Kesho ndiyo kesho!

Jumatano, tena

Nimelipata! Nilikuwa nimelala, nimekurupuka. Pipa!

Alhamisi, 4 Julai

Pipa! Kwa nini sikuliwaza mapema? Nimekwenda kwa Rra Mosu, fundi wa kuchomelea. Pipa tupu la mafuta, mlango mdogo mbele, bomba la moshi linalotokea nje kupitia dirishani. Ndani yake kuni za mopane. Rra Mosu aliniuliza kama naoka mkate wa kijiji kizima. Nikamwambia achomelee, maswali aache. Amelipaka rangi ya fedha. Nililizunguka kulitazama kutoka kila upande.

Tukaliwasha sebuleni mchana, mlango wa nyumba wazi, Tshenolo akipiga deki. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikafumba macho. Sikuona tofauti kubwa. Tshenolo akasema, "Mjomba, jua lenyewe linawaka hapo nje. Utajuaje?"

Lakini mimi nilijua shida iko wapi. Madirisha! Joto linatoroka kupitia madirisha ya shemeji! Nikanunua roli la tepu pana ya gundi, nikaziba kila dirisha na kila ufa, isipokuwa tundu la bomba. Niliimba nikifanya kazi.

Nikiwa juu ya ngazi Tshenolo akanishika mguu. Akasema anampenda sana huyo kijana wake, na akaniomba, tafadhali, mjomba, Jumamosi lisiharibike jambo. Macho yalinijaa machozi. Huyu mtoto nilimfundisha baiskeli mimi. Nikamwambia aniachie kila kitu. Uso wake haukutulia, lakini akaniachia.

Atapata posa yenye joto kuliko zote Botswana!

Ijumaa, 5 Julai

Mbuzi wamenisaliti. Wamekula majani yote, mtungi ukabaki wazi katikati ya zizi. Aliyeuona ni Tshenolo. Letsholo akaja kunishukuru mbele ya dada, kwa sauti. "Ona moyo wa kaka! Amenifichia gesi wezi wasiichukue!" Dada akanigeukia polepole. Nikasema ndiyo, wezi wamezidi.

Sasa mitambo ni miwili. Letsholo anasema yake ni ya kisasa. Nikamwambia yangu ni imara. Akauliza kama pipa langu linapika pombe au linapika wakwe. Nikamuuliza kama hita yake itaomba nauli ya kurudi Gaborone. Ikawa hivyo mpaka dada akatupa mwiko mezani, akasema tuwashe vyote, tuwashe hata nywele zetu, yeye amechoka.

Kwa hiyo tutawasha vyote.

Nimeona dada akipanga kuni uani karibu na gogo la baba mdogo. Bado haniamini, dada yangu wa damu! Imeniuma. Lakini kesho, akiona wageni wanavyostarehe, atanitafuta aniombe radhi.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike haraka kabla sijasahau, ingawa natamani kusahau.

Baridi ilikuwa kali, vioo vya magari vimeganda. Wageni walisimama nje ya geti, kama desturi, wakisubiri tuwaite. Nikawachungulia. Wanatetemeka! Nilifurahi jinsi gani! Ndani pipa linanguruma, gesi inawaka, na mimi najisemea, ngojeni muone.

Wakaingia. Wanaume wamefunga makoti vifungo vyote. Wanawake wakaketi kwenye mikeka, mablanketi mpaka shingoni. Siku ya posa huvui koti na hufungui blanketi, ukifanya hivyo umewatukana wenyeji. Msemaji wao, mzee Gabanakgosi, akashusha pumzi, akasema, "Aaa, humu ndani mna joto zuri." Mimi na Letsholo tukainama kwa pamoja kupokea sifa.

Nikaanza hotuba. Babu wa babu, safi kabisa. Msemaji akiongea hakuna anayetoka. Nilipofika kwa babu, nikaona maji yanatiririka usoni mwa mzee Gabanakgosi. Imemgusa! Nikarefusha. Nikaongeza ng'ombe wa babu, mmoja mmoja kwa jina. Bibi mmoja wa upande wao akaanza kuyumba kwenye mkeka, nami nikaona ni huzuni ya ng'ombe wale. Bati la paa likaanza kulia. Letsholo akanyoosha mkono kimyakimya, akaongeza gesi asishindwe na pipa. Nami, bila kukata sentensi, nikatupia gogo.

Yule bibi akalala chali.

Mzee Gabanakgosi akasimama. Koti lake limeloa, ungedhani kavuka mto. Akasema ameposa kwa watu wengi, ameshafukuzwa na mbwa, ameshamwagiwa maji machafu, lakini kuokwa bado. "Kama binti hamtaki kumtoa, semeni! Msitukaange!" Wakamnyanyua bibi yao, wakatoka wote.

Kutoka chumba cha ndani nikamsikia Tshenolo akilia. Nilitamani sakafu inimeze. Nikarukia dirisha nilifungue, tepu haikubali! Nikamwambia Letsholo azime gesi. Akasema nizime pipa kwanza. Mimi mkubwa! Yeye akasema pipa ndilo limeua watu. Nikasema gesi. Tukabaki humo tunabishana, jasho linachuruzika, hakuna anayetaka mtambo wake uwe wa kwanza kuzimwa.

Tulipotoka, mambo yalikuwa yamekwisha.

Tshenolo ndiye aliyenisimulia, alichungulia nyuma ya pazia. Wageni walikuwa wanaelekea getini, mvuke unawatoka mabegani. Dada akawaonyesha moto wake na birika. Aliyeloa jasho, alfajiri ya Julai, hawezi kuupita moto. Wakasogea. Yule bibi akapewa chai, akafumbua macho, akaomba sukari zaidi. Baba mdogo Ntsima, ambaye hakuwa ameingia sebuleni kabisa, akawapisha kwenye gogo lake. Mzee Gabanakgosi, gwinya mdomoni, akamwambia basi, mzee mwenzangu, sisi tumekuja kumwomba binti yenu Tshenolo.

Baba mdogo akasema, "Sawa."

Vigelegele! Na yeye ndiye mkubwa wetu, neno lake halipingwi. Hotuba yangu ya wiki nzima, na ng'ombe wote wale, kwa neno moja! Nilifika kwenye moto nikiwa na mengi ya kuongeza. Chai ilikuwa imekwisha.

Jumapili, 7 Julai

Tshenolo kanikumbatia asubuhi. Kacheka mpaka akalia, kasema ananipenda hivyohivyo. Harusi ni Desemba.

Desemba!

Nimeketi ghafla. Serowe ya Desemba, jua la kuchoma! Wageni wamejaa sebuleni, wazee na makoti yao, mzee Gabanakgosi akiloa tena! Nikakimbia kumwambia dada kwamba nyumba hii inahitaji mtambo wa baridi. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Letsholo ameondoka mapema kuliko alivyosema. Hanidanganyi, anakwenda kutafuta kiyoyozi. Lakini mimi nimeshapita kwa Rra Mosu. Pipa ni lilelile, tunalijaza barafu, nyuma yake tunafunga feni kubwa. Feni dukani zipo tele! Rra Mosu ameniuliza kama nauza samaki. Nimemwambia achomelee.

Nimemweleza na baba mdogo. Amesema, "Sawa."

Dada, akiwa ndani vilevile, ameagiza nibandue tepu kwenye madirisha yake. Nimepanda ngazi, nimebandua ya dirisha la kwanza. Kisha nikasimama kufikiri. Baridi nayo si itatoroka?

Nimeirudishia, na nimeongeza juu yake nyingine.